Kiasi gani, mama?

 Wiki iliyopita tuliongelea homa ya baada ya chanjo. Leo hakuna ugonjwa. Leo nataka tuongee kuhusu neno. Ndiyo, neno tu, na neno lenyewe ni "kiasi".

Nikiwa zamu nalisikia neno hili kuliko ninavyosikia jina langu. "Homa ipo kiasi." "Anakula kiasi." "Anaharisha kiasi." "Damu inatoka kiasi." Ukimuuliza mzazi aliyejifungua jana maumivu yakoje, anajibu, "Kiasi, dokta." (Hapa kwetu kila aliyevaa nguo nyeupe ni dokta, nimeshachoka kukataa.) Lina ndugu zake: kidogo, wastani, nafuu, afadhali, si haba. Lakini kiasi ndiye mkubwa wao, na ndiye anayenisumbua zaidi.

Neno hili lina sura mbili. Kwa asili limetoka kwenye Kiarabu, na maana yake ni kipimo, kupima kitu na kukilinganisha na kingine. Wastani nalo limetoka hukohuko, kwenye neno la katikati. Kwa hiyo kiasi kwa uhalali wake hakisemi kidogo wala kikubwa. Ni kama debe tupu. Unasema kiasi kikubwa, kiasi kidogo, kiasi cha kutosha, na kila mara unaongeza neno la pili ili mtu ajue debe lina nini ndani. Lakini tukiliacha peke yake, "anaharisha kiasi", basi masikio yetu yote hapa mjini na vijijini yanasikia "kidogo tu, msiogope". Hapo kipimo kimeshaondoka, imebaki adabu.

Na adabu yenyewe siidharau, msinielewe vibaya. Mtu wa kiasi ni mtu mzuri. Anakula kwa kiasi, anaongea kwa kiasi, hata akikasirika anakasirika kwa kiasi. Wanaosoma Biblia wanajua kuwa kwenye Wagalatia sura ya 5 kiasi kimo ndani ya tunda la Roho, tena ndicho kinachofunga orodha. Kinyume chake ni "kupita kiasi", na hakuna mwanamke aliyelelewa vizuri anayetaka kuambiwa amepita kiasi. Amelia kupita kiasi, amelalamika kupita kiasi, mtoto kapiga chafya mbili tu kashakimbilia zahanati. Tangu tukiwa wasichana tumefundishwa kupunguza. Unaumwa, sema unaumwa kidogo.

Angalia hata salamu zetu. Mtu anaingia chumbani kwangu na mtoto amelegea mgongoni. Namuuliza, "Mhola?" Anajibu, "Mhola duhu." Amani tu! Kwa Kiswahili ni hivyohivyo: "Habari za nyumbani?" "Nzuri tu, ila mtoto anaumwa kiasi." Lazima kwanza useme nzuri, ndipo useme ila. Mimi huwa nasubiri hiyo "ila". Ukimharakisha mama kabla hajafika kwenye "ila" yake, amekuambia nzuri, na umeandika nzuri.

Sasa niwape kisa, maana nikiongea hewani mtanikimbia.

Alikuja mama mmoja kijana, ametoka upande wa Itilima, na mtoto wa miezi 9. Salamu tumemaliza. Nikauliza tatizo. "Anaharisha, dokta. Kiasi." Tangu lini? "Tangu juzi." Nikamuuliza swali langu la kila siku, ambalo wenzangu wananitania nalo: "Kiasi gani, mama?"

Akanitazama kama vile nimemwambia anadanganya. "Kiasi tu."

Nikaona nibadilishe. Nikamwambia, nisimulie tangu umeamka leo umemvua nguo mara ngapi kwa sababu ya kuharisha. Akanyamaza, akaanza kuhesabu kwa vidole. Ya kwanza kabla ya jogoo. Ya pili na ya tatu kabla hajawasha moto. Ya nne wanasubiri usafiri. Tatu njiani, ya mwisho kanga yake mwenyewe, kwa sababu nguo za mtoto zilikuwa zimeisha, na hiyo kanga ilikuwa kwenye mfuko wa rambo hapo miguuni kwake. Saba. Na ilikuwa bado saa 5 asubuhi.

Unaona? Mama huyu hakudanganya hata kidogo. Habari yote alikuwa nayo, mara baada ya mara, tena kwa ushahidi wa mfuko. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba saba inaruhusiwa kusemwa.

Nikambana mtoto ngozi ya tumbo. Ikarudi, lakini ikarudi polepole. Macho yameingia ndani. Nilipomwekea kikombe mdomoni alikikamata kwa mikono miwili, hataki kukiachia, anakunywa kama mtu aliyetoka kuchunga ng'ombe jua la mchana. Hizo ni dalili za kupungukiwa maji mwilini. Na hapa ndipo mambo yanapochekesha. Kwenye mwongozo tunaoutumia kwa watoto chini ya miaka 5 kuna ngazi tatu: hana upungufu wa maji, ana upungufu wa maji kiasi, ana upungufu mkubwa. Huyu alikuwa wa katikati. Nikamwambia mama yake, "Mtoto ana upungufu wa maji kiasi."

Akacheka, jamani. "Si ndivyo nilivyokwambia? Kiasi."

Tulicheka wote. Lakini kiasi chake na kiasi changu vilikuwa vitu viwili tofauti. Cha kwake kilimaanisha: naomba dawa nirudi nyumbani, nina dengu zimeanikwa. Cha kwangu kilimaanisha: hutoki hapa kwa saa 4, na ndani ya saa hizo mtoto atakunywa maji ya ORS mililita 75 kwa kila kilo yake. Alikuwa na kilo 8. Zidisha, ni mililita 600, yaani vikombe vitatu vya mililita 200, kijiko kwa kijiko, akitapika tunasubiri dakika 10 tunaendelea taratibu. Hado hado, kama wasemavyo bibi zetu. Na kunyonya anaendelea. Mchana ulipofika mtoto alishaanza kunivuta kitambulisho shingoni. Wakaondoka na pakiti za ORS na vidonge vya zinki vya siku 10.

Kwa hiyo ukisikia mhudumu wa afya anasema "kiasi" au "wa kadiri", usirudi nyumbani umefurahi. Kwa lugha ya hospitali, katikati siyo "si mbaya". Katikati ni mahali ambapo mtoto anaweza kwenda pande zote mbili. Ule utepe wa rangi tunaowapima watoto mkononi ni hivyohivyo. Kijani, sawa. Nyekundu, chini ya sentimita 11.5, ni utapiamlo mkali, na mama yeyote akiona nyekundu anashtuka. Lakini njano, kuanzia 11.5 mpaka chini ya 12.5, tunaiita utapiamlo wa kadiri, na nimeshaona nyuso za akina mama zikipata nafuu wakisikia "kadiri". Kumbe siyo mbaya sana! Dada yangu, njano ni mtoto ambaye akipata kuharisha wiki moja tu anaweza kuwa nyekundu. Njano unarudi kliniki tarehe uliyopewa, unauliza kuhusu chakula, na huko nyumbani uji wa muhogo mtupu unausindikiza na karanga, dagaa, yai, maharage, chochote chenye mwili kilichopo. Michembe ni mizuri na mimi mwenyewe naipenda, ila michembe peke yake haijengi mtoto.

Sasa niseme jambo lililonifanya niandike leo.

Neno hili "kiasi" halikai kwenye chumba cha nesi tu. Linaanzia nyumbani, kwenye simu. Baba yuko Lamadi kwenye shughuli zake, au yuko Meatu na ng'ombe, au yuko Mwanza. Mama anampigia: "Mtoto anaumwa." "Anaumwaje?" "Homa, na kifua, kiasi." Mwanamume akisikia kiasi, anafanya hesabu yake kichwani: nauli ya bodaboda mpaka barabarani, gari mpaka Bariadi, chakula, pengine kulala. Anasema, "Basi mwangalieni mpaka kesho." Wala siyo baba mbaya. Amepewa neno la kusubiri, naye amesubiri. Mama mkwe hapo nyumbani naye kaulizwa na jirani, kajibu, "Anaendelea kiasi." Nyumba nzima imejipoza kwa neno moja, na mtoto bado anahema.

Akina baba mnaosoma, nawauliza ninyi sasa. Msimu wa pamba ukifunguliwa, ukipeleka mzigo wako ghalani, karani akikuambia "pamba yako ina kilo kiasi", utakubali? Utasimama pale mpaka uone mzani kwa macho yako, na ukihisi umepunjwa kilo 2 kijiji kizima kitajua. Basi mtoto naye apimwe hivyo. Mkeo akisema kiasi kwenye simu, usikate simu. Muulize: mara ngapi? Tangu saa ngapi? Ananyonya? Amekojoa lini?

Na wewe mama, yule mwenye hela ya nauli mpe hesabu. Usimwambie "kifua kinambana kiasi". Mvue mtoto nguo ya juu akiwa ametulia au amelala, shika simu yako uangalie saa, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika moja nzima. Mtoto wa miezi 2 mpaka mwaka, ikifika 50 au zaidi, anahema haraka. Wa mwaka mmoja mpaka miaka 5, ikifika 40 au zaidi, anahema haraka. Mwambie baba yake, "Amehema mara 58 kwa dakika." Sijawahi kuona mwanamume anayebishana na 58. Na kama mbavu zinaingia ndani anapovuta hewa, hapo hata kuhesabu acha, njoo.

Yapo mambo ambayo hayana kiasi kabisa, yakitokea hata mara moja hatusubiri kesho: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, amelegea au haamki vizuri. Hapo usianze na salamu. Pita foleni uje mbele, anayekuzuia mwambie mtoto hanyonyi. Na kichanga cha chini ya miezi 2, homa yake yoyote, au kunyonya kwake kulikopungua, ni ya kuletwa sikuhiyohiyo.

Kwa waliojifungua, hili la damu naomba mlisome mara mbili. "Damu inatoka kiasi" limeniweka roho juu zaidi ya mara moja. Kila mtu anajua kwamba baada ya kujifungua damu hutoka, kwa hiyo mzazi anaona aibu kusema imezidi, hasa kama ukweni kuna wanawake waliozaa nane na hawakulalamika. Usilinganishe na wao. Linganisha na pedi, au kitambaa chako. Pedi ikilowa yote ndani ya saa moja au chini ya hapo, au yakitoka mabonge makubwa, au ukisimama unaona giza, hiyo imepita kiasi, na hapa ninalitumia neno kwa maana yake kamili. Aliye karibu na wewe atafute usafiri. Mengine utaelezea njiani.

Kuna kiasi kingine kinachokaa jikoni na kwenye duka la dawa. Chumvi kwenye mboga unaweka kiasi, hakuna mama anayepima, mkono unajua. Ndiyo maana tukifika kwenye ORS mkono nao unataka kujua. Nimeona pakiti inamwagwa kwenye kikombe cha chai kwa makadirio, "nisiweke maji mengi ikapoteza nguvu". Hapana. ORS ikiwa nzito inaweza kumdhuru mtoto badala ya kumsaidia, na ikiwa nyepesi mno haifanyi kazi. Soma pakiti: zipo za lita moja, zipo za nusu lita. Tumia chupa ya maji ya dukani iliyoandikwa ujazo wake, maji yawe safi na salama, mimina pakiti yote, tikisa. Baada ya saa 24 iliyobaki mwaga, changanya mpya. Kila akiharisha, wa chini ya miaka 2 mpe mililita 50 mpaka 100, aliyezidi hapo 100 mpaka 200. Dawa ya homa ya maji nayo usipime kwa kijiko cha nyumbani, vijiko vyetu havilingani. Ndani ya boksi kuna kikombe kidogo au kijiko chenye mistari, na kiwango kinafuata uzito wa mtoto. Muuzaji akikuambia "mpe kiasi", mrudishie swali: kiasi gani? Mililita ngapi, kila baada ya saa ngapi, kwa siku ngapi? Hajakasirika mtu kwa kuulizwa hivyo. Na akikasirika, shauri yake.

Maana na sisi wa upande huu tuna yetu. Mjamzito anapimwa damu, anaambiwa "damu yako ni ya wastani, nenda". Wastani ya nini? Hilo neno waachiwe walimu na ripoti za shule. Kwa mjamzito, chini ya 11 tunasema damu imepungua, na chini ya 7 ni upungufu mkali. Kwa hiyo mwenye 10.8 na mwenye 7.2 wanaweza wote kuambiwa "ipo kiasi", na hao ni wanawake wawili wenye safari mbili tofauti kabisa. Omba namba. Presha pia, omba namba zote mbili, ya juu na ya chini. Ikifika 140 kwa 90 haiitwi ya kawaida, hata kama hujisikii vibaya. Iandikwe kwenye kadi yako, ni kadi yako.

Na tuna lingine baya zaidi. Mahali fulani niliwahi kufanya kazi, sitapataja, mama alileta mtoto mwenye mafua usiku, akapokelewa kwa, "Yaani usiku wote huu umetuletea mafua?" Watu kwenye benchi wakacheka. Nilimtazama yule mama anavyofunga mtoto mgongoni. Nina hakika mara nyingine mtoto wake akiumwa kweli, atasema kiasi. Tukilalamika kwamba akina mama wanachelewa kuja, tukumbuke na wale waliowahi kuja tukawacheka. Wenzangu wa zamu mnaonisoma, mnaelewa.

Kama Kiswahili kinakupa shida, njoo useme kwa Kisukuma, wengi wetu tunasikia, na asiyesikia ataita mwenzake. Nimegundua akina mama wengi wakisema kwa Kisukuma wanasimulia kwa urefu, wakihamia Kiswahili wanafupisha, na kifupisho chao ndiyo hicho kiasi. Bibi mmoja, wa wale ambao bado wanasema "sisi wa Shinyanga" ingawa Simiyu ni mkoa tangu 2012, alinisimulia homa ya mjukuu wake kuanzia kunde zilipochumwa mpaka alfajiri ile. Foleni ilinuna. Lakini alipomaliza nilikuwa nimeshajua homa ina siku ngapi, inapanda saa ngapi, na kwamba mtoto alikojoa mara moja tu tangu jana mchana. Ningempa kipimajoto kingeniambia joto tu.

Juzi saa 2 usiku, nikiwa nimetoka zamu, ujumbe ukaingia kutoka kwa mmoja wenu hapa. Sitamtaja, ila nimemwomba ruhusa. Aliandika hivi: "Dada nesi, mhola. Ameharisha mara 4 toka asubuhi, hakuna damu. Ananyonya. Akilia machozi yapo. Amekojoa saa 12 jioni. Nimechanganya lita moja. Nije sasa hivi au asubuhi?"

Nikamwambia aendelee na ORS, anyonyeshe, azione zile dalili nne nilizotaja hapo juu, ikitokea hata moja aje usiku huohuo, vinginevyo asubuhi aje nimwone mtoto na apewe zinki. Alikuja saa 2 asubuhi. Mtoto anakula ndizi.